Inategemea

Faili lina mstari mmoja unaoanza na neno *Inategemea*,
kisha nukta mbili, kisha majina.
Niliandika matatu. Nikamaliza kahawa, nikatuma.

Jääkell naitunza mimi, hapa Tartu, ghorofa ya nne:
programu ndogo ya kuchora unene wa barafu mtoni,
ili shule zijue lini watoto washuke kuteleza
na lini wabaki ukingoni, viatu vikining'inia mabegani.
Silipwi. Ni kazi ya usiku, baada ya vyombo.

Jumanne akaniandikia Vaike, mwalimu wa Luunja.
Kompyuta mpya, ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi.
"Inafunguka," alisema, "inachora ukingo, inachora tarehe,
halafu inaanguka. Palepale, kila mara.
Watoto wanangoja jibu."

Nikamjibu upesi, na ubaya wa jibu langu naujua:
Kwangu inafanya kazi.

Kwangu inafanya kazi!
Kama mtoto anayeapa kwamba kwao hawadaiwi,
kwa kuwa hajamwona mama
akitokea mlango wa nyuma kwenda kukopa.

Heldur alinifundisha zamani: ukitaka ukweli, jenga chumba kitupu.
Nikakijenga, kompyuta ndani ya kompyuta,
bila picha, bila mapambo, bila jana.
Aingie aliyetajwa tu.
Mlangoni orodha ikasomwa: mmoja, wawili, watatu. Basi.
Nikaiwasha Jääkell.
Ikachora ukingo. Ikachora tarehe.
Ikaanza kuandika jina la mto, Emajõgi,
ikafika kwenye õ,
ikaanguka.

Kumbe lilikuwepo jina la nne:
maktaba inayochora herufi zetu, zile za wimbi kichwani.
Nikafukua kumbukumbu za mashine. Nani aliileta? Lini?
Machi, miaka sita nyuma, saa tisa usiku.
Mimi.

Nilikuwa nachapa karatasi za mazishi ya mama:
nyimbo tatu, jina lake, miaka miwili na kistari katikati.
Printa ilitoa vijisanduku vitupu mahali pa herufi.
Nikasakinisha hiki, nikasakinisha kile, kwa hasira,
nikapata nakala arobaini,
nikazima taa.

Mama sikumsahau.
Nilisahau kilichobaki chini ya sakafu, kimebeba nyumba.
Miaka sita Jääkell iliuegemea usiku ule
na hakuna mahali nilipoandika.
(Emajõgi, kwa lugha yetu, ni Mto Mama.
Sikuyapanga haya.)

Tarmo akasema, "Taja kila kitu, ujilinde. Taja ishirini."
La, Tarmo.
Kisiwani Ruhnu ipo kompyuta ya zahanati
inayovuta mtandao kana kwamba kwa kijiko.
Ukiiambia inahitaji ishirini, itavuta ishirini hadi alfajiri,
na muuguzi atakaa anatazama kistari kikijaa
kwa ajili ya vitu ambavyo hakuna atakayevigusa.
Mficha maradhi kilio humuumbua, nakubali;
lakini mzima anayejilaza wodini
naye kamnyima mtu kitanda.

Kwa hiyo moja. Hilo moja, na toleo lake,
maana toleo la pili halijui wimbi, la tatu linajua.
Nikaandika: *kuanzia la tatu*.
Nikabomoa chumba, nikakijenga upya, kitupu vilevile.
Ukingo. Tarehe. Emajõgi, nzima, hadi i ya mwisho.
Nikaitazama õ ile kwa muda kuliko ilivyostahili.

Kabla ya kutuma, utaratibu unadai sababu ya badiliko.
Wengine huandika "marekebisho madogo".
Niliandika: *Ilikuwepo siku zote. Sikuitaja.*

Asubuhi Vaike akajibu, na picha ya kioo chake.
Inafanya kazi, alisema, asante.
Sentimita tano.
Watoto wamenuna, wako ukingoni,
na mmoja anataka kujua
kama hiyo programu yako haiwezi kukosea kidogo.